Damu ya Bonge, Jina Langu

3 Machi, Jumatatu
Daktari kaamua: ngiri yangu ipasuliwe Ijumaa. Haya. Ila kwanza niende maabara, nichukuliwe damu, kundi langu lijulikane, akiba iwekwe iwapo nitavuja sana. Sindano! Nimekuwa fundi cherehani miaka ishirini na miwili. Nikiishika mimi, sawa. Ikishikwa na mwingine, natafuta mlango.

Mchana bwana harusi mmoja kamtuma kaka yake aje apimwe suti kwa niaba yake, eti wanafanana. Nimemrudisha mbio. Nguo ya mtu haipimwi kwenye mwili wa mwenzake. Watu wengine hawafikiri kabisa.

4 Machi, Jumanne
Akili ni mali! Binamu yangu Bonge, mtoto wa shangazi, haogopi kitu isipokuwa njaa. Nimempa fomu yangu, kakariri jina langu na tarehe yangu ya kuzaliwa. Ujira wake suruali moja, kitambaa juu yangu. Sisi ukoo mmoja, damu ni ileile. Kabla ya saa nne karudi anatabasamu.

Nilibandika pamba mkononi, nikaenda nyumbani. Mke wangu kauliza kama iliuma. Nikasema mwanamume huvumilia. Kanipikia uji. Niliona aibu, lakini uji ulikuwa mtamu.

6 Machi, Alhamisi
Nimelazwa. Muuguzi kaja na sindano! Nikamwambia nilishatoa. Kasema hapa kundi la damu hupimwa mara mbili, kwa siku tofauti na watu tofauti, ndipo mfuko wa damu uruhusiwe kutoka. Nikaomba kwenda chooni. Kasema atanisubiri. Niliporudi, yupo. Nilifumba macho, akanichoma. Shuka imelowa jasho.

7 Machi, Ijumaa
Sijapasuliwa. Mtaalamu wa maabara kaja mwenyewe na karatasi mbili. Ya kwanza inasema kundi B, ya pili O. Kasema mtu habadilishi damu kwa siku mbili. Nikalaumu mashine. Akampa mke wangu karatasi zote mbili azisome. Basi nikasema kweli yote, mpaka suruali.

Hakufoka. Afadhali angefoka. Kaeleza polepole kwamba damu ya O yaweza kumfaa mwenye B, lakini mwenye O hapokei ila O. Ningetiwa ile ya B, mwili wangu ungeishambulia, figo zingekufa, pengine na mimi. Na mfuko wa B ulishatengwa kwenye friji, jina langu juu yake.

"Ningekuwa mjane kwa ajili ya suruali," mke wangu akasema. Akaongeza kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, akatoka. Nilimwona mlangoni akifuta macho kwa mkono wa gauni nililomshonea.

Nimelala nikiwaza. Yule bwana harusi angeharibikiwa koti tu. Mimi nilituma mwili wa mwingine upimwe kwa ajili ya uhai wangu. Leo nimeogopa kweli, na si sindano.

11 Machi, Jumanne
Nimepasuliwa jana. Nilivuja. Nimetiwa mfuko mmoja wa O, tone kwa tone, nikautazama mpaka ukaisha. Kuna mtu nisiyemjua alinyoosha mkono wake kwa ajili yangu, bila kudai hata kifungo. Machozi yalinitoka. Nikamwapia mke wangu kwamba na mimi nitachangia damu, mimi mwenyewe. Kasema ataamini akiiona kadi ya mchangiaji yenye jina langu.

24 Machi, Jumatatu
Nimerudi kazini. Nina nia safi kabisa ya kuchangia. Tatizo ni daktari. Kasema aliyetiwa damu lazima asubiri miezi mingi. Miezi mingi! Mke wangu atakata tamaa bure. Bonge hana haja ya kusubiri.

Nimeuliza: benki ya damu inapokea makundi yote. Safari hii hakuna wa kudhurika. Jina langu anakumbuka bado, na tarehe pia. Kadi itaandikwa kundi B, kweli, lakini nani husoma maandishi madogo?

Leo nimempima suruali ya pili. Kiuno nimekipima mara mbili, kwa uangalifu. Somo nimelipata.