Ombi la Kurudishiwa Kasri Ndani ya Nyumba Yangu

Kwako Mheshimiwa Meya Gatien, uliyebadilishwa nepi na mikono yangu hii kabla hujapata cheo,

Pokea salamu, na heshima zote unazostahili siku hizi.

Nyumba yangu, kama ujuavyo, imechongwa ndani ya mwamba juu ya Mto Loire, na bomba langu la moshi limetokeza katikati ya bustani ya kasri. Zamani hatukusumbuana. Sasa nimechoka, na sababu ni hizi:

1. Anselme, yule mtembeza wageni, anawaambia kuwa moshi wangu ni mzimu wa mpishi wa mtawala wa kale. Mimi huyu, mwenye nyonga mpya ya hospitali!

2. Wageni wanainamia bomba na kupiga kelele: "Mpishi wee, leo kuna nini?" Nikijibu ni supu ya vitunguu, wanapiga makofi. Juzi mama mmoja Mbelgiji kaniambia, "Bibi, punguza chumvi!" Hata hajaonja!

3. Wanaotoka kuzuru kanisa nao wamenogewa. Wanawasha mishumaa kuzunguka bomba na kuomba dua. Binti mmoja aliuliza kama aolewe na mchumba wake Rémi. Uvumilivu ukanishinda, nikapaza sauti: "Achana naye, mvivu huyo!" Akalia kwa furaha. Tangu hapo kuna foleni.

4. Waendesha baiskeli wanaotalii mashamba ya zabibu huanika soksi zao kwenye bomba. Moja ilitua sufuriani. Nilimpa mbwa ile supu, akakataa.

Mheshimiwa, mawe ya kasri lile yalikatwa humu humu ninamolala, ndiyo maana nina sebule. Basi ni mali ya mwamba wangu. Naomba yarudishwe yote, moja moja, yapangwe yalipotoka. Najua nyumba itajaa. Nitahamia bustanini juu, maana kutakuwa na nafasi tele.

Nisalimie mkeo, watoto, karani wako mwenye kikohozi, na hata Anselme ingawa hastahili.

Ni mimi, raia mtiifu kuliko wote kijijini,
Solange Hervouet

N.B. Kabla sijaituma barua hii, kasri limefungwa mpaka baada ya Pasaka, eti paa linatengenezwa. Leo nimepika sungura kwa plamu. Nimesimama chini ya bomba mchana kutwa, wala hakuna aliyeuliza kitu. Nimejisikia mpweke sana. Gatien mwanangu, wafungulie wageni japo bustani. Na leo njoo wewe, uje na watoto, nyama ni nyingi.