Kura ya Kwenda Iskandaria

Jumamosi, 3 Agosti

Nimemaliza shule, akili ninayo, na sasa nina jambo la maana la kufanya. Ijumaa hii timu yangu inacheza fainali ya vita vya ngome, mchezo wetu wa kompyuta, huko Iskandaria. Ana kwa ana! Jukwaani, watu wakitazama!

Wenzangu wanne sijawahi kuwaona. Wao huniita Jenerali. Wanadhani mimi ni mwanamume wa makamo asiyependa maneno mengi, kwa sababu sijawahi kufungua kipaza sauti. Huandika tu. Leo Nahodha Hazim aliuliza kama nitafika. Nikaandika: Nitafika. Neno moja, kama jenerali halisi.

Tatizo ni kwamba familia yetu kila kiangazi huenda ufuoni Ras el-Bar. Na Baba haambiliki. Anaamini michezo ya kompyuta ilibuniwa na maadui wa taifa ili vijana wasisome. Halafu nikisimama mbele yake, ulimi wangu hukauka. Basi lazima aitamani Iskandaria mwenyewe.

Alipolala mchana nilichukua simu yake. Nikatafuta bahari ya Iskandaria, samaki wa Iskandaria, upepo wa Iskandaria. Simu ni kama mmbea wa mtaani: itajie jambo mara moja, haitakuacha. Kazi imekwisha.

Jumapili, 4 Agosti

Haijakwisha. Simu imemwonyesha Baba ufuo uliojaa watu hadi mchanga hauonekani, na wanawake wawili wakigombania kiti. Ameileta sebuleni tuone sote. "Hata simu inatuonya! Tunakwenda Ras el-Bar, kwa raha zetu." Mama akasema amina.

Teknolojia inasifiwa kupita kiasi. Sasa nategemea siasa.

Wakati wa chakula cha mchana nilikohoa, nikaiambia sahani yangu kwamba familia za kisasa hupiga kura. Baba alicheka hadi akapaliwa. Akasema nyumba hii ina demokrasia tangu zamani: kila mtu husema atakalo, kisha tunakwenda Ras el-Bar. Bibi, mama yake, akamwambia amwache mtoto apige kura yake, kwani tangu lini kura ikambadilisha dereva?

Baba amekubali! Kura ni Jumatano.

Jumatatu, 5 Agosti

Baba, Mama na Bibi wanataka Ras el-Bar. Iskandaria inatakwa na mimi. Kushindwa kwa heshima hakunisaidii. Wapiga kura waongezwe.

Ghorofa ya juu anakaa Amu Shukri, ndugu yake Baba, na mkewe Safinaz na mtoto wao Wagdi, tuliyemaliza naye shule. Amu ni upinzani wa kudumu. Baba akiisifu serikali, Amu huilaani. Baba akiilaani, Amu hugundua mema yake. Mwambie tu kwamba Baba anaipenda Ras el-Bar, umeshapata kura tatu.

Nikapanda. Amu alifurahi sana, ila akauliza atapigaje kura ya safari isiyokuwa yake. Swali la haki. Nikasema, "Basi safirini nasi, Amu."

Ilikuwa adabu tu! Kila mtu hapa anaijua karibu ya mwenye mashua: yeye yuko katikati ya Nile anakula, anawapungia walio ukingoni, karibuni jamani! Hakuna anayeogelea kumfuata. Amu naye alijibu kama ipasavyo: "Mungu akuzidishie, mwanangu, tutawabana." Nikasisitiza kidogo. Akakataa tena. Hapo ndipo jambo huisha kwa amani. Lakini pakawa kimya, wote watatu wananitazama, na mimi kimya cha kutazamwa sikiwezi. Nikapaza sauti: "Wallahi lazima mje!"

Nimeapa!

Safinaz akaweka mkono kifuani. "Umeshaapa, binti yangu. Sisi ni nani hata tukuvunjishe kiapo?" Wagdi akaenda kutafuta kaptula yake ya kuogelea.

Hata hivyo, kura tatu.

Jumatano, 7 Agosti

USHINDI! Nne kwa tatu!

Baba alipomkuta Amu mezani aliuliza tangu lini ghorofa ya juu ikawa jimbo letu. Amu akajibu: tangu ilipoalikwa kwa jina la Mungu. Baba akanitazama. Mimi nikatazama mchuzi wangu wa mlokhia.

Kisha likaja suala la gari. Gari la Baba linaingia watu watano, na wa tano hupumua kwa zamu. Wageni walioapiwa hawaachwi. Baba ndiye dereva. Mama hawezi kumwachia Safinaz jiko la nyumba ya kupanga. Bibi amesema Iskandaria ni mbali, bahari yake yeye ni ile ya Ras el-Bar, hiyo nyingine na waoge wenyewe. Anabaki nyumbani. Na Bibi haachwi peke yake.

Nyuso zote zikanigeukia, polepole.

Baba alikuwa na furaha ya mtu aliyeshindwa akalipiziwa kisasi. "Ndiyo siasa hiyo, binti yangu. Anayeunda serikali si lazima aingie."

Nimeshinda uchaguzi na sisafiri.

Alhamisi, 8 Agosti

Nilidhoofika kidogo, lakini imepita. Jenerali mzuri huongoza akiwa mbali.

Wagdi atakaa kwenye kiti changu jukwaani. Mchezo anaujua kiasi, ila mdomo wake haufungiki. Nilimvuta hadi ngazini kabla hawajaondoka, nikamwambia siri yangu. Alicheka hadi akapiga ukuta kwa kofi. "Wewe? Wewe unayejificha jikoni mgeni akibisha hodi, ndiye Jenerali?" Kisha akasema sawa, kwa ajili yangu tu. Ataficha simu mfukoni, na kisikizio sikioni. Mimi nitatazama matangazo kwenye kompyuta na kumwamuru kila hatua. Yeye mikono, mimi kichwa.

Mpango huu ni bora kuliko kwenda mwenyewe.

Ijumaa, 9 Agosti

Niliongozea vita juu ya paa, ili Bibi asisikie. Mtaa mzima umesikia. "Kushoto! Kushoto! Nyuma yako, we punda!" Muuza matikiti pale chini aligeuka nyuma. Wanawake wakatoka vibarazani. Maishani mwangu sijawahi kupiga kelele namna ile, na lazima nikiri ni tamu.

Lakini Wagdi alikuwa kiziwi! Nikisema kushoto, anakwenda kulia. Nikisema subiri, anavamia. Na muda wote anawapayukia wenzangu: "Hazim, nilinde! We mnene, inama! Twende, twende, wanaume!" Nao wanamtii!

Tukashinda. Kombe letu! Niliruka hadi nikaangusha nguo za watu kwenye kamba.

Ndipo simu ikazungumza. Sauti ya mzee, taratibu. "Binti, mimi ni mwamuzi. Simu hii nimeishika tangu mwanzo, hairuhusiwi jukwaani. Umenifundisha mengi. Ila huyo punda ni nani?"

Nikakata.

Nimelitafakari. Ni dhahiri kwamba maelezo niliyompa Wagdi pale ngazini yalimwingia vizuri.

Jumapili, 11 Agosti

Wamerudi. Hazim ameiandikia timu nzima: "Jenerali, hatimaye umefungua mdomo! Kumbe siku zote tulichokosa ni sauti yako tu. Mashindano yajayo ni Luxor, na kiti hicho ni chako milele." Anamaanisha Wagdi. Kiti changu!

Wagdi mwenyewe ameshuka leo kuniona. Anasema hakitaki, kulala chumba kimoja na Baba na Amu wakibishana habari za bei ya mafuta kumemtosha kwa mwaka mzima. Akawasha kompyuta yangu, akafungua kipaza sauti, akakisogeza mbele yangu. "Sema tu: mimi ndiye Jenerali. Basi, dada. Hawakuli." Timu nzima ilikuwa hewani. Nilimsikia Hazim akitafuna mbegu.

Nikakizima.

Sentensi moja! Maskini Wagdi, ana moyo mzuri, lakini siasa haijui. Mambo makubwa hayafanywi hivyo. Mimi nimeshapata njia iliyonyooka. Ijumaa, wakati wa chakula, nitamfanya Baba aisifu michezo ya kompyuta mbele ya Amu. Amu ataipinga papo hapo, atamkataza Wagdi, timu itabaki na kiti kitupu, itatangaza nafasi, nami nitaiomba kwa maandishi, kwa jina jipya.

Jina nimeshalichagua: Koplo. Kwa bidii yangu nitapanda cheo haraka.