Mvumo wa Nyenje na Masikio ya Mzee

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Mkurugenzi wa taasisi ametangaza Siku ya Wageni, na safari hii atasimama mtafiti mmoja tu kueleza ugunduzi wake. Mmoja! Atakayechaguliwa atahamia chumba cha kona, kile chenye madirisha mawili. Changu hakina hata tundu. Niko chini kabisa, mimi na nyenje wangu, na harufu ya majani yaliyolowa.

Wapinzani nimewapima. Nyuma ya ukuta wangu yuko mwanafizikia tunayemwita Bwana Kimya. Amening'iniza kioo kidogo kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele ndani ya tangi lililovutwa hewa kwa pampu, anakimulika kwa leza, anangoja kitikisike. Ndiyo kazi yake hiyo. Taa nyekundu ikiwaka mlangoni pake, hakuna ruhusa kupita na viatu. Juu yangu yuko shemeji, mdogo wake Mama Watoto, daktari wa masikio. Anawafungia watu kwenye kachumba kenye kuta za sponji, anawapigia milio, nao wanabonyeza kitufe wakisikia. Nani atasafiri kuja kutazama kitufe?

Mimi nina ugunduzi wa kweli. Nyenje wangu wakinyamaza kuimba, hutoa mvumo mzito wa chini kwa chini, wote kwa pamoja, kama wanafunzi wanaokariri. Nimepekua majarida yote. Hakuna aliyewahi kuuandika.

Jioni, kama kawaida yangu, nilimsomea Mzee makala nzima. Baba yangu alikuwa fundi bati, miaka yote na nyundo mkononi, lakini ndiye msikilizaji bora niliye naye. Hakatizi. Alitikisa kichwa mpaka mwisho, kisha akasema vizuri, mwanangu.

Mama Watoto kaanza tena. Eti Mzee hasikii. Eti jana lori limempigia honi barabarani mpaka dereva akashuka kumvuta mkono, na siku nyingine hatutapata dereva mwenye huruma. Nikamwambia asiyesikia hawezi kufuatilia makala ya nyenje mwanzo hadi mwisho. Akasema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye na methali zake!

Jumanne, 4 Machi

Upelelezi. Nimempelekea Bwana Kimya chai, kwa moyo mkunjufu kabisa, nikiwa na soksi tupu. Almanusura aning'ate. Lakini macho hayana pazia. Kwenye skrini yake nimeona mstari unaopanda na kushuka. Kioo kinatetemeka!

Alishindwa kujizuia, akanieleza. Amebadilisha nyuzi, amebadilisha kioo, amehamisha meza, mtetemo bado upo. Hakuna nadharia inayoueleza. Alisema kwa sauti ya chini, na macho yake yalilowa, kwamba huenda ni kitu ambacho ulimwengu umekuwa ukikisema tangu mwanzo, sisi tu hatukuwa na sikio la kukisikia.

Ulimwengu! Mimi nasimama na nyenje, yeye anakuja na ulimwengu mzima. Nikageuka kwa haraka, chai ikamwagika kwenye soksi yangu. Kwenye soksi yangu, si kwenye leza yake! Lakini alipiga yowe lililosikika hadi kwa mkurugenzi. Hukumu: nyenje wote watoke kwenye jengo mpaka Bwana Kimya amalize vipimo. Nimeuliza chai na nyenje vinahusiana nini. Nikaonyeshwa mlango.

Jumatano, 5 Machi

Nyenje wapo nyumbani tangu jana jioni. Vizimba vyote nimevipanga chumbani kwa Mzee, kwa kuwa ndiko kwenye rafu.

Asubuhi Mama Watoto alikuwa na macho mekundu. Watoto wamesinzia juu ya uji. Jirani amegonga ukuta, kisha amegonga mlango, kisha amesema maneno ambayo sitayaandika. Mzee peke yake ameamka kama maua yaliyomwagiwa maji. Nikamuuliza nyenje walimsumbua? Akasema ahsante, amelala vizuri. Huo ndio moyo wa mtu anayethamini sayansi! Nimewaambia wote mezani waige mfano.

Ila kuna jambo. Nimetega kinasa sauti siku nzima na mvumo haupo. Wanaimba, wananyamaza, basi. Nimelitafakari sana. Jibu: wana huzuni. Wametolewa kwao, unategemea nini? Nimeongeza ukurasa kuhusu huzuni ya nyenje.

Alhamisi, 6 Machi

Bwana Kimya ana uso wa mtu aliyefiwa. Nimemwuliza hali ya ulimwengu. Kaniambia nijali mambo yangu.

Mbinu mpya! Shemeji, ingawa ni mpinzani, yumo kwenye kamati ya kumchagua mzungumzaji, na utafiti wake umepungukiwa na wazee. Nina mzee. Nitampa. Mzee atabonyeza kitufe kama kijana, Shemeji atafurahi, Mama Watoto atanyamaza, nami nitapata kura. Jiwe moja, ndege watatu!

Nimemweleza Mzee jioni, wazi kabisa, kwamba kesho tunakwenda kupimwa masikio. Nilitarajia ugomvi, maana kila akiambiwa na Mama Watoto huwa mkali. Akatabasamu, akatikisa kichwa, akasema vizuri, mwanangu. Nimemwita Mama Watoto aje aone jinsi mtu anavyozungumza na baba yake kwa hekima.

Ijumaa, 7 Machi

Aibu.

Tulipofika mlangoni Mzee akasoma kibao, akasimama. Akaniuliza mbele ya watu wote nimemleta wapi. Nikamkumbusha alikubali jana. Akauliza alikubali nini. Shemeji ndiye aliyemshika mkono na kumwamkia, akakaa mbele yake ili midomo yake ionekane, akazungumza naye taratibu. Mzee akaingia.

Nilitazama kupitia kioo. Mzee amekaa wima ndani ya kale kachumba, kofia mapajani, kidole juu ya kitufe. Shemeji akapiga mlio. Akapandisha. Akapandisha tena. Mimi nilikuwa nausikia kupitia spika za masikioni alizozivua yeye na kuziweka mezani. Kidole hakikushuka. Kilikuwa kikitetemeka juu ya kitufe, kinatamani kubonyeza, hakijui lini. Mara moja akanitazama, akabonyeza. Hapakuwa na mlio.

Shemeji ameniambia sauti nzito nzito bado anaziokota, za juu zimekwenda zote. Nyundo na bati, kisha umri. Kuna kifaa kitakachomsaidia. Kisha akauliza nyenje nimewaweka wapi. Chumbani kwa Mzee, nikasema. Hakulalamika? Hakulalamika. Akasema basi, shemeji, kipimo ulikifanya mwenyewe, majibu tu ndiyo hukuyasoma.

Nikasema nitafikiria suala la kura baadaye.

Jumamosi, 8 Machi

Mzee hajatoka chumbani tangu asubuhi. Nikaingia, nikakaa kitandani mbele yake, midomo ionekane. Nyenje wanapiga kelele hadi nikajiziba sikio moja. Yeye katikati yao, kimya.

Nilimwuliza kwa nini hakusema. Akasema mwanzoni alikuwa akiuliza, umesemaje? Mtu anarudia mara moja. Mara ya pili anarudia kwa kukunja uso. Mara ya tatu anasema basi, si muhimu. Akasema mtu akiambiwa si muhimu kila siku, mwisho anaona heri aitikie tu. Ukitikisa kichwa, angalau wanakaa karibu nawe.

Moyo umeniuma. Naandika hivyo hivyo, umeniuma. Kwa sababu nakumbuka. Mimi pia nimewahi kumwambia basi, si muhimu. Ilikuwa habari ya mjukuu wake kupasi mtihani, nilikuwa na haraka, nikafunga mlango. Ilikuwa muhimu.

Tumekaa pamoja bila kusema kitu mpaka chakula. Hatujakaa hivyo tangu nikiwa mdogo.

Baadaye, nikila, nikakumbuka kitu kingine. Makala yangu! Mara zote zile! Hakusikia hata neno. Ina maana makala haijapata maoni ya mtu yeyote.

Jumatatu, 10 Machi

Ajabu! Bwana Kimya amekuja mwenyewe, na viatu, akaniomba nirudishe nyenje. Anasema alikuwa mkali mno, jengo limepoa bila wao. Nami nilikuwa natafuta njia ya kuomba jambo hilohilo! Nikajifanya kusita. Nikakubali kwa ukarimu mkubwa.

Vizimba vimerudi kwenye rafu yangu, ile iliyopigwa misumari ukutani. Kabla ya chakula cha mchana, mvumo umerudi! Mzito, wa pamoja, mzuri. Nyenje wana furaha. Nyuma ya ukuta nikamsikia Bwana Kimya akicheka peke yake. Sijui ana nini cha kuchekea.

Nimewasilisha makala. Yeye naye kawasilisha yake. Tumegongana mlangoni kwa mkurugenzi, tukasalimiana kama mabalozi.

Jumanne, 11 Machi

Kikao. Nilivaa koti.

Nilieleza mvumo. Bwana Kimya akaeleza mtetemo. Mkurugenzi akawa anageuza shingo kama anatazama mpira. Ndipo Shemeji akaomba kusema neno. Akasema wiki iliyopita wagonjwa wake walikuwa wakibonyeza kitufe wakati hajapiga mlio wowote. Toka Jumatano wakaacha. Jana wakaanza tena. Akaona ajabu. Akafuata bomba linalopanda kutoka chini, akaweka sikio: nyenje.

Kisha akauliza rafu yangu imepigiliwa ukuta gani. Ule ule, nikasema. Na kioo cha Bwana Kimya kinaning'inia ukuta gani? Ule ule. Na hiyo pampu yake ya kuvuta hewa? Bwana Kimya akavua miwani.

Mkurugenzi akatutuma wote chini. Tulizima pampu: mvumo wangu, kimya. Tukatoa vizimba hadi uani: mtetemo wake, kimya. Pampu yake ndiyo nyenje wangu. Nyenje wangu ndio ulimwengu wake.

Shemeji ndiye atakayezungumza Siku ya Wageni. Chumba cha kona pia ni chake. Kile chenye madirisha mawili!

Baadaye nilimkuta Bwana Kimya kwenye ngazi, kajiinamia. Nikakaa. Kasema alikuwa na hakika kabisa. Nikamwambia hata mimi. Akasema kinachomsumbua si kukosea, bali kwamba muda wote ule alikuwa anasikiliza kwa bidii kuliko mtu yeyote kwenye jengo. Nikamwambia nilikuwa namsomea mtu makala kila jioni na sikujua kama ananisikia. Akacheka kidogo, nami nikacheka. Nimempa chai. Hii aliinywa.

Mama Watoto aliposikia habari kasema sikio la kufa halisikii dawa, na hasemi sikio la Mzee.

Alhamisi, 13 Machi

Leo Mzee kavalishwa kifaa. Kidogo, cha rangi ya maharagwe, kinakaa nyuma ya sikio. Shemeji alikigeuza geuza, akauliza sasa je? Mzee akashtuka. Akasema kwa nini watu wote wanapiga kelele.

Alitaka kupita chumbani kwangu kabla ya kurudi nyumbani. Kasimama mbele ya vizimba. Nyenje waliimba. Mzee akainua kidole, kama anawaomba wengine wanyamaze, wakati hapakuwa na wengine. Machozi yakamtoka bila yeye kuyajali. Akaniuliza, hawa ndio walikuwa chumbani kwangu? Nikasema ndio, Baba. Akasema, na waliimba hivi? Hivi hivi, nikasema. Akasema alifikiri viumbe hao walikufa siku nyingi, kwa dawa za mashambani, maana aliacha kuwasikia.

Nilimshika mkono hadi nyumbani. Lori lilipopiga honi, yeye ndiye aliyenivuta mimi.

Naandika na najiapia: kuanzia leo nitakuwa mtu anayesikiliza.

Ijumaa, 14 Machi

Ugunduzi mpya! Mkubwa kuliko ule! Asubuhi nimeona nyenje wakigeuka wote kutazama upande mmoja kila nikiingia. Wananitambua! Hakuna aliyewahi kuandika. Mama Watoto anasema huo ndio upande ninaoingizia chakula. Mama Watoto si mtaalamu.

Nimeandika makala yote kwa siku moja. Jioni nikaketi mbele ya Mzee, midomo ionekane, nikaanza kusoma. Safari hii msikilizaji wa kweli, mwenye kifaa!

Ukurasa wa kwanza alinitazama kwa makini sana. Ukurasa wa pili akakunja paji la uso. Akafungua mdomo, kama anataka kusema kitu. Akanitazama usoni kwa muda. Akaufunga. Kisha akapeleka mkono nyuma ya sikio, taratibu, akakivua kile kifaa, akakitia mfuko wa shati, akausogeza mkeka wake karibu nami hadi magoti yakagusana.

Nilisoma mpaka mwisho. Alitikisa kichwa mahali pote panapostahili, bila kuniondolea macho. Nilipomaliza akasema vizuri, mwanangu.

Kesho nitamweleza Shemeji kwamba kifaa chake hakifai kwa masuala ya kina. Makala hii Mzee kaielewa vizuri zaidi alipokivua.