Ubongo Nilioupasha Moto kwa Ajili ya Intavyu

Leo nimejianika, tena nikiwa na yunifomu kamili.

Mnanijua, mimi ni mtu wa ndani. Siku ya ofu wenzangu wa chumba hapa Najma, Doha, wakienda kupunga upepo, mimi niko kitandani, blanketi hadi kidevuni, AC inanguruma. Lakini kazi yangu ni soja wa geti kule Lusail, kwenye jua la kukaanga yai. Kwa hivyo nafasi ya chumba cha kamera za ulinzi ilipotangazwa, niliitamani mpaka nikaiota. Kukaa kwenye kiti! Ndani! Kwenye baridi! Nani mwingine alizaliwa kwa kazi hiyo?

Asubuhi Baraza, jamaa wa kitanda cha juu, akanipa darasa.

"Buda, ubongo huambiwa mapema kazi inayokuja. Ukiutayarisha vizuri, swali likifika jibu linatoka lenyewe."

"Na wataniuliza nini?"

"Moto. Hao huuliza moto tu."

Basi njia nzima hadi ofisi ya kampuni, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, nikautayarisha. Kengele ikilia: simama, toa watu, ngazi si lifti, wote nje. Nikarudia kwa sauti mpaka Mnepali tuliyekaa naye kwenye basi akahama kiti.

Nikaingia. Madam Wambui, meneja mpya, Mkenya mwenzetu, akatabasamu. "Karibu, keti. Hebu kwanza niambie jina lako."

Tii! Tii! Tii!

(Ilikuwa maikrowevu ya jikoni, nyuma ya ukuta. Mimi ningejuaje? Ubongo uliniuliza?)

Nikaruka. "Moto! Kila mtu nje! Ngazi, si lifti!" Nikamshika Madam mkono, nikamwinua kitini. Nikapiga mlango mmoja baada ya mwingine. Wahasibu wakatoka mbio. Mama mmoja alishuka na kiatu kimoja. Orofa nzima tukajipanga kwenye maegesho, jua linatuchoma, na mimi nahesabu vichwa kwa fahari (ndiyo, fahari).

Wa mwisho kushuka alikuwa Salim, Mmombasa anayepika chai pale, ameshika bakuli linalofuka mvuke.

"Jamani, moto gani? Mimi napasha wali wangu tu!"

Madam akajifuta jasho, akanigeukia polepole.

"Jina lako hukuniambia."

Wallahi kichwa kikawa kitupu. Nikafungua mdomo, kikatoka kile kilichokuwa tayari: "Ngazi, si lifti."

Mpaka yule mama wa kiatu kimoja alicheka akashika ukuta.

"Chumba cha kamera, hapana," Madam akasema alipopata pumzi. "Lakini mtu anayeweza kutoa orofa nzima hivi, kumfungia ndani ni dhambi. Utasimamia mazoezi ya moto. Majengo yetu yote. Kwenye maegesho."

Kwa hivyo nipongezeni, nimepandishwa cheo. Na atakayecheka, mazoezi yataanzia kwenye jengo lake, jua likiwa utosini.