Nani Anatia Maji kwenye Tangi?

Jumatatu, 3 Juni

Baba Mkwe ametuita ofisini leo, mimi na Shemeji. Katusimamisha kando ya mzani wa vifurushi. Mzani wangu. Rubani wake wa zamani amestaafu, kasema, na ndege ya vifurushi haiwezi kukaa bila mtu. Jumamosi atakuja Mkaguzi kutupima sote wawili. Atakayefaulu atapewa kiti cha rubani. Atakayebaki, atabaki na mzani. Kisha akapokea simu, tukatoka.

Nimepima vifurushi tangu nilipooa. Wapagazi wananiita Mzani. Mke wangu akija kunitafuta wanapaza sauti, Mzani, mkeo huyu hapa! Basi! Sitaki tena. Nataka waniite Rubani, hata kama ni kwa kejeli.

Shemeji ni binti mdogo wa Baba Mkwe, mdogo wa mke wangu. Tumesoma kuruka kwa mwalimu mmoja, Kapteni, kwenye ndege hii hii. Ana sauti ya upole na macho yasiyokosa kitu. Tulipotoka kanipa mkono, akasema na ashinde anayestahili. Mtu asiye na njama hasemi maneno ya namna hiyo.

Nimeshapanga. Yeye hufanya mazoezi asubuhi, mimi jioni. Sheria ya Kapteni ni kwamba anayeruka mwisho ajaze tangi mpaka juu kabla ya kuilaza ndege bandani. Sababu yake sikuipata. Siku anaieleza nilikuwa natazama nje. Leo nimeliacha nusu. Kesho Shemeji atakokota mpira wa mafuta mwenyewe, atahangaika weee, na muda wake utakatika hajapaa. Nikiulizwa, mgongo uliniuma. Nimemwambia mke wangu hivyo, ili pawe na shahidi. Safi kabisa!

Jumanne, 4 Juni

Alichelewa kupaa! Roho yangu kwatu!

Lakini hakulalamika. Kanipa pole ya mgongo. Nani kamwambia habari za mgongo wangu? Nimemtazama mke wangu wakati wa chakula. Katazama sahani.

Jioni Kapteni kaniweka kando. Uso hauna mchezo. Kila asubuhi, kabla injini haijawashwa, rubani huchota mafuta kidogo chini ya bawa kwa kikombe cheupe cha plastiki, akakiinua kwenye mwanga. Maji yakiwemo hukaa chini kama shanga. Leo Shemeji kayakuta. Kapteni kaniuliza kama nilifunga vifuniko vya tangi vizuri. Nilifunga! Kaniuliza kama nilijaza. Nikamwambia mgongo. Akasema maji yakiifikia injini angani, inazima, na huko juu hakuna pa kuegesha.

Nimewaza njia nzima hadi nyumbani. Mvua haijanyesha. Nani kayakuta maji? Shemeji. Nani kashika kikombe? Shemeji. Nani kakimbilia kwa Kapteni? Loo! Anayatia mwenyewe, kisha anayagundua mwenyewe! Anataka Jumamosi nionekane mzembe. Upole wote ule, kumbe!

Jumatano, 5 Juni

Nimechukua uzi mweusi kwenye kikapu cha kushonea cha mke wangu. Nimewaza mtego wa kisomi.

Mazoezi yalianza vibaya. Kapteni ana mtindo wake wa ukaguzi: gusa, sema, ndipo uendelee. Hataki utazame tairi ukaiamini. Uiguse, useme tairi, nzima, halafu usogee. Unaizunguka ndege yote hivyo, unaongea peke yako kama mtu aliyefiwa. Nilipofika kwenye kile kibomba chini ya bawa kinachopima kasi, nikakuta kimezibwa! Kitambaa chekundu kinaning'inia! Nikapiga kelele kwamba nimemkamata, mnaona sasa, huyu mtu anataka kuniua! Kapteni akangoja nimalize. Akasema hicho ni kifuniko cha kuzuia wadudu, huvishwa kila ndege inapoegeshwa, hata jana jioni nilikivisha mimi kwa mikono yangu.

Inawezekana. Lakini nani anaweza kuthibitisha ni kile kile?

Tangi nimeliacha nusu tena. Mtu haachi mpango mzuri kwa kuwa amepata mwingine. Kisha nikafunga uzi juu ya kila kifuniko, fundo dogo, la siri. Atakayefungua ataukata. Hanipati ng'o!

Alhamisi, 6 Juni

Nimedamka kabla ya wote. Banda baridi, bati linalia, miguu yangu imelowa umande mpaka magotini. Nikapanda ngazi kukagua uzi. Haukuguswa! Pande zote mbili! Nikajificha nyuma ya mapipa nione atafanyaje.

Shemeji akaja na kikombe chake. Akaigusa ndege, akasema, akaendelea. Hakupanda ngazi. Hakukaribia vifuniko kabisa. Akainama, akachota, akakiinua kikombe. Maji! Nimeyaona kwa macho yangu haya! Akayamwaga, akachota tena na tena hadi mafuta yakatoka safi. Kisha ndipo akapanda kujaza, akauona uzi, akautoa taratibu na kuutia mfukoni. Hakushangaa hata kidogo. Mimi huku nyuma ya pipa kijasho chembamba kinanitoka.

Sasa maji yameingiaje uzi ukiwa mzima? Jibu nimelipata mchana, nikipima kifurushi cha viatu. Aliufungua uzi kabla sijafika, akatia maji, akaufunga tena vile vile. Nimemuuliza mke wangu, kwa mzunguko, kama mdogo wake ana mkono mwepesi. Akasema mwepesi mno, ndiye aliyetarizi mito yetu ya sebuleni. Ehee! Mito! Nimeilalia miaka yote hii bila kushtuka.

Halafu mke wangu akatoa ujumbe. Shemeji anasema nijaze tangi jioni, kwa sababu tangi likilala nusu hutoa jasho kwa ndani. Nilicheka hadi nikapaliwa. Bati litoe jasho! Limefanya kazi gani? Njama yenyewe iko wazi: anataka niruke na ndege nzito, itue kama gunia mbele ya Mkaguzi. Thubutu!

Mke wangu hakucheka. Aliniuliza kama nina hakika ninachokifanya, maana na yeye amechoka kuwa mke wa Mzani. Iliniuma hiyo. Sikulala vizuri.

Ijumaa, 7 Juni

Tumepiga kura mbele ya Baba Mkwe, nani aanze kupimwa kesho. Mimi wa kwanza, Shemeji wa pili! Nyota imeng'aa!

Jioni nimeichunguza ndege kama mpelelezi. Nimegundua jambo. Katikati ya kila kifuniko cha tangi kuna tundu dogo la kuingilia hewa. Nadhani Kapteni aliwahi kulizungumzia nilipokuwa natazama nje. Sasa najua kazi yake! Hapo ndipo Shemeji anapopenyeza maji, kwa bomba la sindano! Ndiyo maana uzi hauguswi! Binti ni hatari kuliko nilivyodhani.

Nimeziba kila kifuniko kwa utepe mwekundu wa mafundi umeme, tundu na vyote. Juu ya utepe nimetia sahihi yangu kwa kalamu nzito, ile yenye mkia. Hakuna tone litakalopita.

Tangi nusu, bila shaka. Nikimaliza kuruka mimi, mafuta yatakuwa yamebaki kidogo, Shemeji atahangaika na mpira, na Mkaguzi ni mtu anayeheshimu chakula chake cha mchana. Ataaga. Kiti kitakuwa changu kabla sahani haijapoa.

Nimepiga pasi shati jeupe. Nimejitazama kwenye kioo. Rubani.

Jumamosi, 8 Juni

Sijui nianzie wapi.

Walikuja wote. Baba Mkwe, Mama Mkwe na mwavuli wake, mke wangu amejipamba, wapagazi wamepanda juu ya mapipa. Mkaguzi ni mzee mfupi, suruali imepanda juu ya tumbo, anaongea kwa sauti ya chini. Alishika mikono nyuma, akaniambia nianze.

Nikaanza vizuri! Tairi, nzima. Usukani wa mkia, unacheza. Kibomba, nimekivua kitambaa chekundu kwa madaha. Nikapanda kutazama utepe. Haujaguswa, sahihi yangu inameremeta. Nilipaswa kufungua vifuniko nipime mafuta kwa kijiti, lakini ningeuharibu ushahidi, nikasema kwa sauti kubwa kwamba mafuta yapo. Mkaguzi akainua nyusi. Nikashuka, nikainama na kikombe, nikachota.

Maji. Mengi kuliko siku zote.

Damu ilinipanda kichwani. Hujuma! Nilipiga ukelele huo hadi mwavuli wa Mama Mkwe ukatikisika. Nikamnyooshea Shemeji kidole, nikayamwaga yote, uzi, sindano, mito. Nikasema huyu anataka kuniua kwa ajili ya kiti! Shemeji alifumba mdomo kwa mkono. Nikadhani ni aibu. Sasa nafikiri alikuwa analia.

Mkaguzi akaniuliza nani aliilaza ndege. Nikasema mimi. Kwa tangi lililojaa au nusu? Nikaanza habari za mgongo. Hakungoja. Akapanda ngazi, akabandua utepe, akafungua kifuniko, akanitaka nipitishe kidole upande wa ndani. Kidole kikatoka kimelowa. Akasema kwa upole, kama anaongea na mgonjwa, kwamba tangi likilala nusu linajaa hewa, usiku hewa inapoa, unyevu wake unageuka matone ukutani na kudondoka. Jasho, akasema. Hivyo hivyo. Jasho!

Kisha akauinua utepe. Injini ikinywa mafuta, hewa huingia kupitia tundu lile kujaza nafasi. Tundu likizibwa, mafuta yanagoma kushuka. Tungepaa vizuri tu, akasema, mimi na yeye, halafu injini ingekata pumzi juu ya zile nyumba. Akasema yeye ana wajukuu. Akauliza sahihi hii yenye mkia ni ya nani.

Mpagazi mmoja akajibu kutoka juu ya pipa. Ya Mzani.

Nimeanguka mtihani kabla magurudumu hayajasogea. Baba Mkwe hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Shemeji alifuta macho, akachota maji yote, akajaza tangi, akangoja litulie, akachota tena, akapaa. Alitua sikuusikia hata mguso. Na Mkaguzi alikuwa amebeba chakula chake kwenye kopo, amekula palepale kivulini.

Mke wangu alishika mkono wangu njia nzima. Usoni mwake niliona uchungu, si utani.

Jumapili, 9 Juni

Baba Mkwe kafika nyumbani asubuhi. Kamleta Shemeji, na keki. Nikajua nafukuzwa.

La! Mkaguzi atarudi mwisho wa mwaka. Nikitaka, nitapimwa upya. Sharti ni moja tu: kila jioni Shemeji akitua, mimi nijaze tangi mpaka juu. Siku zote, hadi Mkaguzi arudi. Kikombe cha asubuhi kikitoa maji hata mara moja kwa uzembe wangu, nisahau kiti milele. Jambo dogo. Mtoto analiweza. Niliapa mbele ya wote, na niliapa kutoka moyoni.

Alipoondoka Baba Mkwe, mke wangu kaniambia nani aliniombea. Shemeji! Alimbembeleza baba yake usiku kucha, akasema mimi ni mwangalifu, ila uangalifu wangu unatazama upande usio wake.

Kwa nini aniombee? Anapata faida gani? Nimemkaribisha alale kwetu leo, nimwone kwa karibu.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeamka nikakuta kioo cha dirisha la chumbani kimelowa. Kwa ndani! Matone yanateleza mpaka kwenye fremu. Dirisha lilifungwa kwa komeo, nililifunga mwenyewe.

Nani alilala nyumbani kwetu jana? Eh?

Nimemwamsha mke wangu. Kasema kwa usingizi kwamba ni pumzi zetu na baridi ya nje, kila mwaka msimu huu huwa hivyo. Pumzi! Juzi jasho, leo pumzi. Hawa wamepatana. Nilikaa kitandani nikikitazama kile kioo, nikaona mambo yanaanza kuungana. Nikachukua uzi, nikaufunga kwenye komeo.

Kazini nilipima vibaya siku nzima. Jioni Shemeji akatua, mguso hausikiki, akanikabidhi ndege kwa heshima zote. Nikauvuta mpira, nikapanda ngazi, nikafungua kifuniko cha kwanza. Nilikuwa nimeanza kujaza, haki ya Mungu! Ndipo akanipungia mkono, akasema anapita kwetu mara moja kumrudishia dada yake sahani ya keki.

Kwetu! Peke yake! Na dirisha lile!

Niliuacha mpira palepale. Nilikimbia kwa njia ya mkato, nikaruka mtaro, nikaingia nyumbani nahema, nikaenda moja kwa moja chumbani. Shemeji alikuwa bado hajafika. Uzi ulikuwa mzima, fundo langu lile lile.

Kashaniwahi. Ameufungua na kuufunga tena, na bado ana muda wa kutembea polepole na sahani mkononi. Binti ni hatari!

Tangi limebaki nusu. Si neno, nimerudi gizani kuilaza ndege, na kifuniko nimekifunga uzi.