Fimbo Bila Rili

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Mvua. Basi limechelewa. Nilikuwa nimekasirika kabla ya chai.

Jana baada ya ibada, hapa Lanham, huku ughaibuni, Njuguna alitangaza kwamba Jumamosi ya tarehe 18 ataburuta mashua yake kwa gari mpaka sehemu za juu za Mto Potomac kumtafuta muski. Muski ni samaki mrefu mwenye mdomo kama wa mamba. Wanasema mtu anaweza kurusha chambo msimu mzima asimwone hata mkia. Katika mashua kuna kiti kimoja kitupu. Njuguna ni mhasibu, hata salamu anaitoa kama anakagua. Akasema kiti ni cha yeyote atakayekuja na fimbo ya kuvulia na rili zinazofaa, maana za kwake haziguswi. Mwaka jana mtu alimvunjia fimbo akasema pole, basi, imekwisha.

Watu wakacheka. Mimi nikasimama. Nikasema kiti hicho ni changu, nimezaliwa Mwanza, ziwa lilikuwa mlangoni kwetu. Mama mmoja nyuma akauliza huyo ni nani. Akajibiwa: mume wa Ghati.

Mume wa Ghati! Kwa sababu Ghati ni muuguzi na amempima presha kila Mswahili kuanzia Bladensburg mpaka Shaw. Mimi natunza stoo ya hospitali. Halijapotea boksi hata moja tangu niishike. Nani anajua jina langu? Nani?

Nimepigilia msumari ukutani, juu ya televisheni. Hapo itakaa picha yangu na muski. Baada ya hapo atakuwa yeye mke wa Zefania. Ghati ameuliza msumari ni wa nini. Nimemwambia ataona.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimekwenda duka la vifaa vya uvuvi. Nimerudi na hasira, na kalamu ya bure.

Muuzaji ni mzee mwenye kofia iliyochomekwa ndoana. Alinielekeza kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniudhi. Kwamba fimbo ya muski iwe nene na ngumu, kwa kuwa chambo chake ni kipande cha gogo. Kwamba mbele ya chambo pawe na waya, kwa sababu ya meno. Kwamba mtu akitaka kubana matumizi abane kwenye fimbo, asibane kwenye rili: hicho kigurudumu cha kukunjia mshipi kikiwa dhaifu, samaki anakifumua. Nikauliza bei. Akaitaja bila aibu! Kwetu kwa bei hiyo unanunua mtumbwi na mwenye mtumbwi anakupigia makasia.

Nikamwambia kwetu kuna sangara mzito kuliko yeye. Akafurahi. Akauliza tunamvua kwa fimbo gani.

Kwa wavu! Watu wenye akili wanatumia wavu! Sikumwambia hivyo. Nilimwambia nitarudi. Sirudi ng'o.

Mpango mpya. Kila Jumamosi watu wa mitaa hii hutoa vyombo vyao nje na kuviuza. Nitafute fimbo na rili za marehemu. Marehemu alijua kuchagua, mjane hajui bei. Nashangaa hakuna aliyefikiria jambo hili kabla yangu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Ushindi! Bladensburg, uani kwa bibi mmoja wa Kizungu. Fimbo nene kama kidole gumba, nyeusi, imara. Rili nzito ya chuma, breki yake inauma. Bibi alisema mumewe aliipenda kuliko yeye. Bei ilikuwa ya sufuria. Nikalipa haraka kabla hajakumbuka zaidi.

Nilipogeuka nikakutana uso kwa uso na Method. Anaishi ng'ambo ya barabara hiyo hiyo, anafua mashuka kwenye hoteli mjini. Method ni Mngoni wa Songea. Mimi Msukuma. Kwa hiyo ni mtani wangu, tangu babu zetu walipoacha kupigana. Mtani anakutukana mbele za watu, anachukua kitu chako akakiita chake, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umejivua nguo.

Akaishika fimbo, akaitingisha. Akauliza tangu lini Msukuma akashika fimbo isiyo ya kuchungia ng'ombe. Nikamjibu kwamba babu zake walitembea kutoka Afrika Kusini mpaka Songea, wakavuka mito yote hiyo, na hawakuona sababu ya kunawa hata uso. Akacheka mpaka akashikilia ua wa watu. Kisha akasema rili ni nzuri. Akasema mara ya pili.

Hapo ndipo ningepaswa kukimbia.

Jumanne, 14 Oktoba

Rili haipo.

Nimefika kutoka kazini, fimbo imeegemea ukuta, kiuno wazi. Nikamwuliza Ghati. Akasema bila kuacha kukunja nguo kwamba mtani wangu alipita, akanywa chai, akaifungua rili kwa kisu cha mezani, akaitia mfukoni mwa koti, akaaga akisema mtumwa wake asalimiwe. Nikamwuliza kwa nini hakumzuia. Akasema yeye Mkurya, ugomvi wa Wasukuma na Wangoni unamhusu nini. Halafu ikajulikana kwamba alimfungia na maandazi.

Maandazi!

Sikasiriki. Mtani hakasirikiwi. Naandika tu, kwa utulivu, kwamba sikasiriki. Kalamu ya lile duka imetoboa karatasi. Hata kalamu yao mbovu.

Nimempigia simu nikicheka, kama desturi inavyotaka. Naye akicheka akaniambia amemjulisha Njuguna kwamba anakitaka kile kiti. Tumecheka wote wawili kwa muda mrefu. Meno yananiuma mpaka sasa.

Alhamisi, 16 Oktoba

Utani unakata pande zote mbili. Kama yeye amechukua kwangu, nami nachukua kwake. Huo ni mpango wa haki, nao nimeutekeleza mchana kweupe, nikiwa nimevaa tai.

Mlango wa Method haukufungwa kwa ufunguo. Nikabisha hodi, kimya. Nikaingia. Nikatafuta chini ya kochi, ndani ya jiko, kwenye kapu la nguo. Hakuna rili. Desturi hairuhusu kuondoka mikono mitupu. Nikachukua pasi yake.

Jambo moja sikulipima. Mke wa Method ni Chelagat, mtu wa Kericho. Anatunza wazee usiku, mchana amelala. Akatoka chumbani na mwiko. Nikamwamkia shemeji. Nikamweleza kwamba huu ni utani. Akaniuliza ati utani ni nini. Nikaanza historia tangu vita. Akasema kwao Kericho mtu anayetoka na pasi ya wenyewe ana jina moja tu, nalo si refu. Akainua mwiko. Nikarudi nyuma, nyuma, nyuma, nikajikuta kwenye baraza ya ghorofani. Akafunga mlango wa kioo. Akavuta pazia.

Nikasimama pale na pasi mkononi. Upepo ulikuwa mkali. Chini wakapita wanawake wawili wa kanisani. Mmoja akanipungia. Nikasikia waziwazi: si ndiye mume wa Ghati yule?

Method alirudi jioni. Alikaa sakafuni kwa kicheko kabla ya kunifungulia. Chelagat akanipa chai, akasema shemeji ungesema mapema. Nilisema! Nilisema mapema! Na rili ilikuwa wapi? Mfukoni mwa koti, na koti mwilini mwake, kazini siku nzima.

Njiani nimenunua rili nyingine kwenye duka la vitu rahisi. Ni ya njano, ya plastiki, ina picha ya bata na kitufe cha kubonyeza. Maandishi yanasema ni ya watoto. Lakini rili ni rili. Yule mzee wa duka alitaka kuniibia.

Ijumaa, 17 Oktoba

Njuguna amefanya ukaguzi kwenye maegesho ya magari Lanham. Alikuja na ndoo ya maji. Kila mtu afunge mshipi wake kwenye ndoo, aivute kwa rili mpaka miguuni.

Mimi wa kwanza. Ndoo haikusogea. Mkono wa rili ukachomoka, bata akapasuka katikati. Njuguna akaniuliza kama nilikuwa navua samaki au namwogesha mtoto.

Akaitwa Method. Akafungua buti la gari kwa madaha, akatoa rili yangu ameifunga kwa plasta kwenye mpini wa ufagio. Akasema Mngoni hakosi silaha. Ndoo ilikuja nusu ya njia, kisha ufagio ukakatika na ndoo ikammwagikia viatu. Nilifurahi kwa mara ya kwanza wiki hii. Haikudumu.

Njuguna akavua miwani. Akasema nyinyi Watanzania mtanimaliza. Mmoja ana fimbo bila rili, mwenzake ana rili bila fimbo, na nyote wawili mna midomo. Akachukua rili, akaiweka kwenye fimbo. Ikaingia tik! Akaamua: twende wote, turushe kwa zamu. Nikauliza nani atakaa kwenye kiti. Akasema fimbo inapatikana popote ila rili ndiyo kazi, kwa hiyo kiti ni cha mwenye rili. Mimi nitakaa juu ya boksi la barafu.

Mwenye rili! Rili ya nani?

Nimemwambia Ghati aandae mafuta na bizari. Angalau samaki ataliwa kwangu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Ukungu mtoni. Boksi la barafu ni baridi hata kupitia kifuniko.

Asubuhi nzima narusha. Mabega yamekufa. Mara mbili mshipi umejikunja ukawa kiota cha ndege, na Method akaniuliza natarajia mayai lini. Mchana ulipoingia, muski. Muski kweli! Alikifuata chambo changu mpaka ubavuni mwa mashua, mrefu kama benchi, akasimama akanitazama. Njuguna akaninong'oneza nisikitoe majini, nikizungushe, nikizungushe tu. Nilitaka kumwona vizuri. Nikakitoa.

Akaondoka bila haraka. Njuguna akatazama saa, akasema zamu imekwisha.

Method akasimama na fimbo yangu, rili yangu, mgongo ameupa mto, anamsimulia Njuguna habari za baraza na pasi. Akarusha bila kutazama. Fimbo ikapinda mpaka nikaisikia ikilia. Rili ikapiga kelele. Rili ya marehemu haikuteleza hata kidogo! Method hacheki tena. Akanipigia kelele: wavu, mtumwa wangu, wavu!

Nikaushika, wavu wa mpini mrefu uliokuwa umelala mashuani. Sijui mikono ilijuaje. Nikauzamisha chini kabisa, nikangoja kichwa kipite, nikamchota kwa mkupuo mmoja. Njuguna akasema tangu anunue mashua hajaona muski akichotwa hivyo, kwamba wengine humgonga na wavu na kumpoteza. Sikumsikiliza. Nilikuwa nimekasirika.

Njuguna akapiga picha. Kisha, nachelea hata kuandika, wakamrudisha mtoni. Hai! Njuguna anasema muski haliwi, anaachwa akue. Mzima mzima, na bizari inangoja nyumbani.

Tuliposhuka, Method akaibeba fimbo begani, pamoja na rili, akaenda zake. Ni mtani.

Tumekula mayai.

Jumanne, 21 Oktoba

Picha imetoka. Nimeikuta kwenye msumari wangu. Ghati ameitundika mwenyewe. Method mbele amekumbatia samaki, meno yote nje. Nyuma yake mimi na wavu, mdomo wazi kama nimeibiwa. Ghati anasema nimetoka mtanashati. Anasema leo kule Shaw mgonjwa wake mmoja amemwuliza kama yeye ndiye mke wa Zefania, yule wa wavu. Nikauliza chakula.

Kisha Njuguna akapiga simu. Anasema kila Jumamosi mpaka theluji nina nafasi katika mashua. Kwenye kiti, si kwenye boksi. Nisilete fimbo, nisilete rili, nije mikono mitupu, kazi yangu iwe wavu. Anasema mtu wa kuchota namna ile amemtafuta kwa miaka.

Mikono mitupu! Kama kibarua! Mimi, mtoto wa Mwanza, nishike wavu wakati wengine wanavua! Nimemkatalia, na nimeikata simu kabla yake.

Ghati amerudi kwenye kukunja nguo.

Lakini sikukaa bure. Jioni nimerudi kwa yule mzee wa kofia. Kumbe ana fimbo nzuri mno, nyekundu, nene kuliko ile, anaiuza nusu bei. Anaiuza hivyo kwa sababu haina rili, na ameniomba tena nisibane kwenye rili. Nimeinunua papo hapo. Kuhusu rili nimemwambia asihangaike, ninajua moja ilipo. Alhamisi Method yuko kazini, na safari hii nitaangalia mfuko wa koti kwanza. Chelagat sasa anaujua utani, nimemweleza mwenyewe.

Nimepigilia msumari wa pili, juu kidogo ya ule wa kwanza.