Imeli za Wezi, na Moja ya Adrienne

Jumatatu, 13 Machi 2023. Kambi ya Kashuga.
Siku kumi na moja tangu masasi ya bunduki yatutenganishe barabarani, mimi na binti yangu Adrienne. Simu yake, na imeli yake ndani, ilibaki kwangu. Mnara wa simu umeungua, hakuna kupigiana. Ila hapa kambini, dukani kwa Papa Mumbere wa Butembo, kuna sahani ya setilaiti, intaneti inashika. Akiwa muzima, ataandika kwa imeli hiyo. Na nimekuta nini? Takataka! Papa Mumbere amenisomea: mujane wa jenerali ananigawia dhahabu, benki inataka namba yangu ya siri. Eti nifute, nisijibu. Kunyamazia salamu? Sikulelewa hivyo! Nimejibu wote kumi na wawili. Nimewauliza habari za watoto.

Jumanne, 14 Machi.
Wamekuja arobaini! Hakuna hata mumoja aliyenijibu habari za watoto. Papa Mumbere amecheka mpaka machozi. Amesema ukijibu, mwizi anajua nyumbani kuna muntu. Jirani yangu Mukashema anajidai eti yeye anaandikiwa na Ulaya. Uongo! Ni mujane yule yule.
Sasa nimewajua. Mwizi hasalimu, na ana haraka.

Alhamisi, 16 Machi.
Vita! Nimekaa dukani tangu asubuhi. Asiyesalimu, futa. Mwenye haraka, futa. Imeingia moja, anwani siijui: “Mama, niko Walikale, niko muzima. Sema haraka uko wapi, simu ni ya watu.” Hata “jambo” hakuna! Wezi wamejifunza kuniita Mama! Huyu nimemupa dawa. Nimemwandikia kwamba mama yake afazali angezaa jiwe, angepata pa kuwekea chungu. Na kama ana moyo, aje Kashuga, hema la nyuma ya kanisa, nimuchape na mwiko. Nikafuta. Raha!

Jumapili, 19 Machi.
Adrienne amefika! Kwa pikipiki, matope mpaka kwenye nyusi. Tumelia, kambi yote ikalia, hata Mukashema. Kisha akasema yale matusi njo yalimuleta: mama wa namna hiyo hakuna wa pili, na njia ilikuwa imeandikwa.
Mungu wangu. Nilimufuta mutoto wangu!
Adrienne amenikataza kugusa simu. Nimengoja aende kuoga. Nimekimbia dukani, nimewafukua wezi wote niliowafuta, nimewatumia matusi yale yale na njia ya hema. Ilileta mumoja, italeta wengine. Nani anajua kama kati yao hakuna mutoto wa muntu aliyepotea?
Watatu wamejibu tayari. Wanataka namba ya siri, haraka. Maskini, hata kusalimu hawana nafasi. Nimewawekea maharagi.